Mbuzi wa Slabu

Jengo bado limesimama. Naanza na hilo kwa sababu kila nikilizungumzia, mtu huniuliza, "Kwani lilianguka lini?" Halikuanguka. Liko Karatina, upande wa nyuma wa soko, limepakwa rangi ya maziwa, na kila asubuhi vijana hupanda ngazi zake na mikoba mgongoni kwenda kusoma. Nikienda kununua viazi huzunguka kwa njia ya mbali ili nisipite chini yake. Ikinilazimu kupita, huangalia kwanza kama fremu za madirisha bado zimenyooka, kisha huharakisha.

Mimi ni mwalimu wa ujenzi katika chuo cha ufundi huku Tetu, karibu na Giakanja. Nilizaliwa magharibi, kwenye miwa. Kazi ndiyo iliyonileta huku, na baridi ya mlima ikanizoea. Kikuyu changu ni cha sokoni: najua bei na najua matusi. Kwa hiyo nafundisha kwa Kiswahili, nao wananijibu kwa Kiswahili chao, ambacho kingemliza mwalimu aliyenifundisha mimi. Nina hasira za karibu, sikatai. Nikiingia kanisani huangalia boriti kabla ya msalaba, na nikialikwa nyumbani kwa mtu hugonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole kabla sijaketi. Mume wangu ameacha kunialika kwa ndugu zake.

Huku kwetu mzazi akitaka kumtisha mtoto humwambia, usiposoma utaenda kuchanganya simiti. Mtoto asiposoma, au akisoma na karo ikakosekana, au akafaulu na bado akakosa pa kwenda, huletwa kwangu. Wanakuja wameinamisha vichwa kana kwamba wameshtakiwa. Wiki za kwanza sifundishi kitu. Huwa nawaambia tu watoke nje, waangalie milima yote ile na mashamba yote yale, kisha wanionyeshe mtu mmoja anayelala nje kwa hiari yake. Wakishacheka, naanza.

Yule binti hakuja kwangu kwa kupenda. Alikuja kujiandikisha ususi, kama wasichana wengine wote, akakuta mwalimu wa ususi ameenda likizo ya uzazi na darasa limefungwa kwa kufuli. Badala ya kurudi nyumbani alisimama mlangoni kwangu, na gamboti za mama yake zikiwa na udongo mwekundu hadi magotini, akasikiliza somo lote. Tulipomaliza aliuliza swali moja.

"Madam, sasa hiyo maji ikizidi kwa simiti, si itakauka tu? Shida iko wapi?"

Nilimwambia aingie ndani nimwonyeshe shida iko wapi. Hakutoka tena. Alikuwa mbishi, mwenye maswali yasiyoisha, na kila nikimjibu aliniuliza kwa nini. Nimefundisha miaka mingi na naweza kusema wazi kwamba nilimpenda kuliko wengine, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kusema. Mama yake alikuwa mjane aliyechuma kahawa katika mashamba ya watu, na binti alikuwa amechuma naye tangu amalize kidato cha nne. Mama alitaka kitu kimoja tu: mtoto wake apate kazi ya kudumu, ile ambayo mvua ikinyesha bado una kazi. Alinieleza hivyo siku aliyokuja kuniletea ndizi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ili wanafunzi wamalize kosi, lazima wapate mahali pa kufanya mazoezi ya kazi, yaani atachimenti. Hapo ndipo wengi huniishia. Makontrakta hawataki wanafunzi, ati wanapoteza mbao na kuuliza maswali. Darasa la mwaka ule lilikuwa limekwama kabisa, hadi mzee mmoja wa Karatina alipojitokeza. Alikuwa mfanyabiashara wa parachichi na viazi, mzee wa kanisa, mtu wa kucheka kwa tumbo lote. Alikuwa anajenga ghorofa, akasema atawachukua vijana wangu wote. Wote, bila kumbagua hata mmoja. Nawaomba mkumbuke hilo, maana sitaki mfikiri nasimulia habari za mtu mbaya. Sijawahi kupata mtu aliyewafungulia vijana wangu mlango kama yeye.

Siku ya kumwaga slabu ya kwanza, ile sakafu ya konkriti ya ghorofa, nilienda kuwakagua. Asiyewahi kuona kazi hiyo hajui mseto wa harusi na vita. Mikisa ya kuchanganya konkriti inanguruma tangu asubuhi, watu wamejipanga kwenye ngazi ya mbao, karai zinapanda zikiwa zimejaa na kushuka zikiwa tupu, akina mama wamefunga leso viunoni, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikia mwenzake. Na kuna sheria moja tu: ukishaanza kumwaga, husimami mpaka ufike ukuta wa mwisho. Konkriti ni kama ugali. Ukiuacha nusu ukashika, ukarudi baadaye kumimina unga mwingine kando yake, utakuwa na ugali mbili zilizokaa sufuria moja.

Na kuna sheria nyingine, ambayo haiko katika kitabu chochote nilichosoma. Siku ya slabu mwenye jengo huchinja mbuzi. Ni haki ya mfanyakazi, na asiyechinja husemwa mpaka kaburini. Foremani wa pale, mzee mmoja mkimya mwenye kofia ya sufu, alikuwa na msemo wake aliowapa wanafunzi wangu asubuhi hiyo kwa nusu utani.

"Nyumba isiyokula mbuzi iko na njaa," aliwaambia. "Na iko siku itajitafutia."

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, lakini sikumpinga, maana kawaida mbuzi huliwa jioni kazi ikiisha, na hakuna ubaya kuwalisha watu waliochoka.

Lakini siku ile kulikuwa na mchungaji. Mzee alitaka slabu yake iombewe, na mchungaji alikuwa na mazishi upande wa Kiriaini mchana huo, kwa hiyo maombi hayangengoja jioni. Na watu wakishaombewa huwaambii warudi kazini huku nyama inanukia pale chini. Slabu ilikuwa imefika katikati. Nilimwona mzee amesimama uani akipunga mikono yake yote miwili, anaita watu washuke. Mikisa ikazimwa. Kimya kilichofuata kilinishtua kuliko kelele zilizotangulia.

Nilishuka mbio nikamwambia, "Mzee, slabu haingoji. Waache wamalize."

Alicheka, akaniwekea mkono begani. "Mwarimu, hata Mungu alipumzika. Wewe ni nani?"

"Alipumzika alipomaliza," nilimwambia.

Akacheka zaidi, akawaambia wageni wake, "Mnaona huyu mwarimu wetu? Huyu hakuna kitu utamwambia." Wakacheka wote, kwa upendo. Nilimgeukia foremani. Alinitazama, akatazama juu kwenye slabu, akavua kofia kwa ajili ya maombi.

Maombi yalikuwa marefu. Baada ya maombi wageni wakaombwa wasalimie watu, na mnajua huku kwetu maana ya kusalimia watu. Kila mmoja aliyesalimia alianza kwa kusema hana mengi. Nyama ikagawanywa kwa heshima, wazee kwanza. Mimi nilikuwa nimerudi juu, na niliyemkuta huko alikuwa yule binti peke yake. Hakuwa ameshuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa konkriti, anaufunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji, jinsi nilivyomfundisha, ili usikauke.

"Madam, inashika," aliniambia. "Mimi naona inashika."

Nilipiga magoti karibu naye. Tulifanya tulichoweza, wanawake wawili na beleshi moja. Kisha ukungu ukashuka kutoka mlimani, na baada ya ukungu mvua, ile nyembamba isiyo na haraka, ikaosha simiti ya ukingoni ikabakiza kokoto tupu. Walipopanda tena wakiwa wameshiba, wakipangusa midomo, waliwasha mikisa wakaendelea pale walipoachia. Niliwaomba wauchimbe ule ukingo kwanza, wausafishe, wamwage simiti ya maji. Foremani alisema mvua inazidi. Karai ya kwanza ilimwagwa kando ya konkriti iliyokwisha kuwa jiwe, na jioni slabu yote ikalainishwa ikawa nzuri sana. Ungeipiga picha.

Posti za mbao zilizoishikilia slabu kwa chini zilipoondolewa, mstari ulikuwa pale. Ulikatiza dari toka ukuta huu hadi ule, mwembamba, na mvua iliponyesha ulitoa machozi. Mzee aliuona. Akaagiza plasta, ukapotea. Ghorofa zikaendelea kupanda juu yake.

Wanafunzi wangu walimaliza kosi. Nilifurahi, kisha nikafanya nifanyavyo kila mwaka, nikaanza kukutana nao barabarani. Mmoja anaendesha bodaboda. Mmoja yuko Uarabuni, anafagia hoteli. Wawili wanachuma majani chai upande wa Kiriaini, na mmoja aliyekuwa hodari wa kujenga kona hukaa stejini tangu asubuhi akiwa amelewa, na akiniona hujificha nyuma ya kibanda. Sijui niseme nini kuhusu hilo isipokuwa kwamba inauma. Unampa mtoto mwiko, unamwambia dunia haiwezi kukosa nyumba, naye anakuamini.

Ndipo yule binti aliponipigia simu.

"Madam! Nimepata pamanenti!"

Nilipiga kelele darasani. Nilimuuliza kazi gani. Akasema matengenezo, kwa yule mdosi wa Karatina. Jengo limekwisha na limekodiwa na chuo cha kompyuta na upishi, na yeye ameajiriwa kuliangalia. Amepewa ovaroli mpya, na chumba cha kuwekea vifaa kule chini. Mama yake alifanya maombi ya shukrani, akaalika kijiji. Nilienda, nikala, nikahutubia. Nilisema hata mimi sina mengi.

Nilipomtembelea kazini aliniongoza hadi kwenye chumba chake cha vifaa, akafunga mlango, akanyoosha kidole juu. Mstari ulikuwa umerudi. Ulipita katikati ya dari, juu ya ndoo zake na brashi zake, na juu ya dari hiyo palikuwa na ukumbi mkubwa wa chuo. Tulisikia viti vikiburutwa na vijana wakicheka.

"Kila wakifunga shule naupiga plasta na rangi," alisema. "Wakifungua iko sawa. Halafu inarudi. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa, Madam. Hizo zingine ni bulbu na mabomba."

Nilikaa juu ya ndoo. Hapo nikaelewa kwa nini mtu mmoja katika darasa langu zima alipata kazi ya kudumu. Ufa ndio uliomwajiri.

Nikamwambia atoke pale. Nilimwambia vibaya, kwa sauti ya kuamrisha, kama niko darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nikitoka hapa naenda wapi?" aliniuliza.

Nilitazama ile ovaroli yake, ilivyopigwa pasi mpaka ikasimama mistari mikononi. Nani apige pasi ovaroli?

Nilienda kwa mzee. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za watoto. Nilipomweleza alinisikiliza kwa makini kabisa, kisha akatabasamu.

"Mwarimu, si nyinyi watu wa Kiswahili ndio mnasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Mimi naziba. Kila rikizo naziba. Nimeandika mtu wa kuziba."

Nilimwambia kuna kuziba na kuna kuficha. Akasema nyumba zote huku zina nyufa, udongo wa mlima hupumua. Nikaenda kwenye ofisi moja inayohusika na mambo hayo. Bwana mmoja alikuja, akatazama dari, akanywa chai, akasema ni nyufa za plasta. Sikuwa na lingine la kufanya, au niseme sikulijua. Nilikuwa na hasira hadi nikashindwa kula, na ilikuwa hasira isiyo na mtu wa kumkasirikia, maana mzee hakuwa mwongo. Aliamini.

Ndipo nilipomletea binti kipande cha kioo. Ni ujanja wa zamani wa mafundi. Unachukua kioo chembamba cha dirisha, ukubwa wa kidole, unakilaza juu ya ufa, unashikilia ncha zake mbili kwa simiti laini. Plasta hudanganya kwa sababu hukubali kupakwa tena. Kioo hakikubali. Ufa ukiwa umelala, kioo hukaa mwaka hata kumi. Ukisogea hata unywele, kioo huvunjika. Tulikibandika mle chumbani kwake, darini pale ufa unapokutana na ukuta, nyuma ya kichwa cha ngazi aliyoiegemeza hapo, mahali ambapo asingekiona mtu mwingine.

"Na ikivunjika nikupigie?" aliuliza.

"Usinipigie. Piga kengele."

Kengele ya chuo kile ni ringi ya lori iliyoning'inizwa chini ya ngazi, pamoja na nondo ya kuigongea. Tuliitazama tulipokuwa tukitoka.

Tangu siku hiyo mvua za huku zilibadilika kwangu. Zikianza kunyesha usiku nililala macho wazi. Akipiga simu niliangalia jina lake kwenye skrini, nikasubiri kidogo kabla ya kupokea, na kila mara ilikuwa salamu tu, au swali kuhusu bomba. Mwisho wa simu angesema, "Iko sawa, Madam," bila kutaja ni nini kilicho sawa. Likizo ikaja, akapiga plasta huku akikizunguka kioo. Masika yakapita kikiwa kizima. Nikaanza kufikiri huenda mzee alikuwa sahihi, huenda mimi ni mwanamke mwoga anayegonga kuta za watu. Nilitamani sana iwe hivyo.

Kioo kilivunjika siku ya kupokea wanafunzi wapya. Nilisimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana. Ukumbi ulikuwa umejaa, vijana na wazazi wao waliovaa nguo za kanisani, wengine wamefika na masanduku kutoka mbali. Juu kule watu walikuwa wanapiga makofi kwa pamoja, wakikaribishwa. Binti aliingia chumbani kuchukua bulbu. Alipoisogeza ile ngazi yake alikuta kioo kimekatika katikati, na nusu moja imeanguka sakafuni.

Watu wanasema alitoka akasimama chini ya ngazi za jengo muda mrefu, nondo mkononi. Mama mmoja anayeuza maandazi hapo alimwona, akadhani anaumwa. Naujua ule muda aliosimama ulikuwa na nini ndani yake. Ulikuwa na ovaroli, na maombi ya shukrani, na mama anayeokota buni katika shamba la mtu. Alijua kwamba akigonga na jengo lianguke, wangemwita shujaa. Na alijua pia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, kwamba kioo husema ufa umesogea na hakisemi jengo litaanguka lini.

Aligonga. Aligonga mpaka mikono ikatoka malengelenge, akipiga kelele watu watoke, jengo linaanguka. Walishuka wakikanyagana, viatu vikabaki kwenye ngazi, masanduku yakaburutwa hadi kwenye matope ya sokoni. Wakasimama wote kwenye mvua wakilitazama jengo.

Likasimama.

Walingoja. Nadhani hilo ndilo walilomchukia nalo zaidi, kwamba aliwafanya wangoje. Baada ya muda mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Kijana mmoja akamwita fundi wa kioo, na jina likamganda. Mzee alifika, wakampeleka chumbani akaona nusu ya kioo darini. Hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya chini, mbele ya wote, "Msichana yangu, nilikupatia kazi wakati hakuna mtu alikuwa anakutaka. Umenivunjia jina." Yule bwana wa ofisi akaitwa, akatazama tena, akasema ni plasta. Siku iliyofuata vijana walikuwa ukumbini.

Mama yake alikuja chuoni kwangu. Nilimwona akipita uwanjani nikatoka kumlaki, nikidhani atalia. Hakulia. Alisimama mlangoni, na wanafunzi wangu wote wanasikia.

"Mwarimu, mtoto yangu alikuwa na kazi. Wewe ukampatia kioo."

Yeye akageuka akaenda zake. Hakuleta ndizi tena, na sikutarajia.

Binti yuko Giakanja, anachuma kahawa mvua ikiruhusu. Nilimpigia simu siku nyingi, hakupokea. Tulikutana mara moja tu, sokoni. Aliniamkia kwa heshima zote. Nilimwambia alifanya vyema, nikamwambia najivunia, maneno ya hotuba. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Sasa nani anaziba?"

Nikamwambia sijui.

Wiki iliyopita nilijua. Kijana mmoja wa darasa la mwaka huu, mpole, mtoto wa polisi aliyehamishiwa huku kutoka kwetu magharibi, alikuja ofisini kwangu akiwa amevaa ovaroli mpya. Chuo kilikuwa kimempeleka atachimenti, sikuwa nimeuliza ni wapi. Siku hizi wanaopanga ni wengine. Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Akasema hata kabla hajamaliza kosi ameahidiwa kuandikwa pamanenti, yeye peke yake katika darasa lote. Nikampongeza. Akasema ana swali moja tu.

"Madam, kuna ufa kwa dari, napiga plasta na inarudi. Ni fila gani inashika vizuri?"

Jibu la swali hilo nalijua. Iko fila, ile dawa ya kujazia nyufa, inayoshika. Hunyumbulika, na ufa hauonekani hata baada ya miaka. Vijana wengine walikuwa wanachanganya simiti nje ya dirisha langu, wanabishana kuhusu maji. Nilimtazama alivyosimama, ile hamu ya mtu aliyeaminiwa kazi kwa mara ya kwanza.

Nilifungua kabati nikatoa kipande cha kioo. Nikamwonyesha kinavyolazwa na kinavyoshikiliwa kwenye ncha. Alikipokea kwa mikono miwili akaniuliza ni cha nini.

Nikamuuliza kwanza kama anajua kengele iko wapi.